Diski ya mgongo imepasuka L5/S1 (pingili za chini kabisa kiunoni), kipande kimeshuka: nisubiri au nikubali kisu?

Dereva wa Noah, Moshi
Wakuu, habari za jioni. Wiki ya 7 hii nakalia tako moja. Moto unaanzia kiunoni, unapita nyuma ya paja la kushoto mpaka kidole kidogo cha mguu. Nikikohoa naona nyota. Nikienda Arusha lazima nisimame Boma Ng'ombe ninyooshe mguu, abiria wananuna. MRI inasema kipande cha diski kimekatika na kushuka. Jirani kaniambia kikubwa hivyo hakirudi, ni kisu tu. Kweli? Hakuna kitu kwenye picha cha kuonyesha kama mtu atapona bila kukatwa?

Fizio wa Sakina
Pole kaka. Jirani kakuambia kinyume. Kipande kilichokatika kabisa ndicho huyeyuka zaidi, maana kikitoka nje damu inakifikia na chembe za kinga zinakila kama mgeni. Diski iliyovimba tu bado imefungiwa ndani, haiguswi. Uchambuzi wa 2015 uliounganisha tafiti kadhaa ulikuta asilimia 96 ya vilivyokatika vilipungua, 70 ya vilivyotoka bila kukatika, 41 ya vilivyochomoza, na 13 ya diski za kuvimba tu. Kama ulichomwa dawa ya gadoliniamu kabla ya picha, uliza kama kuna mduara unaong'aa kuzunguka kipande. Ukiwepo, ni dalili njema.

Mama Ndizi, Mbuyuni
Mwanangu, mimi picha ya pili, mwaka baadaye, ilionyesha diski iko palepale imetoka. Na mikungu nabeba! Sijui huyo anayepiga picha anapiga mgongo wa nani.

Fizio wa Sakina
Ni mgongo wako mama, hahaha. Utafiti wa Uholanzi wa 2013 ulikuta hivyohivyo: baada ya mwaka diski bado ilionekana imetoka kwa asilimia 35 ya waliopata nafuu na 33 ya wasiopata. Picha inabashiri kipande, maumivu yana njia yake. Ila kaka, ukipata ganzi sehemu za siri na matakoni, mkojo ukagoma, au mguu ukaishiwa nguvu, usisubiri kuyeyuka.

Dereva wa Noah, Moshi
Mkojo uko sawa. Nimejaribu sasa hivi kusimama kwa vidole nimeshika mlango wa gari. Kulia napanda vizuri, kushoto kisigino kinanyanyuka kidogo kinarudi. Hiyo nayo inahesabika?

Fizio wa Sakina
Inahesabika. Hilo ni shavu la mguu, linaendeshwa na neva ya S1, ile inayobanwa na diski yako. Kesho gari mpe deiwaka, wewe nenda kwa daktari asubuhi.