Ziwa halina chumvi, kwa nini ukaguzi wa kutu kwenye ndege uko palepale?

Swali: Wakuu, maji ya Ziwa Victoria ni baridi, yaani hayana chumvi. Ndege zinazolala hapa Mwanza kwa nini bado lazima zifunuliwe sakafu kutafuta kutu? Fundi anaanzia wapi?

Jibu: Mkuu, unyevu pekee unatosha. Angani bodi inapoa, pumzi za abiria zinageuka matone ukutani na kutiririka hadi tumboni mwa ndege. Blanketi la kuhami likilowa linakaa limegandamana na alumini. Anzia chini ya vyoo na jiko, hapo ndipo pabaya kuliko pote, kisha zibua matundu ya kutolea maji. Halafu ndege hiyohiyo kesho inalala Dar au Zanzibar, kwenye upepo wa chumvi.

Jibu: Tafuta rangi iliyovimba kwenye vichwa vya ribiti (pini zinazoshikanisha mabati ya ndege) na unga mweupe. Bati likitutumka kati ya ribiti mbili, kutu iko ndani ya kiungo. Tafadhali, msisugue kwa brashi ya chuma! Chembe zake hubaki kwenye alumini na kuanzisha kutu mpya. Tumia msasa wa oksidi ya alumini, pima unene uliobaki, linganisha na kikomo cha mwongozo wa mtengenezaji. Kutu ya daraja la 3 maana yake usalama uko hatarini, ripoti mara moja.

Jibu: Kilichosukuma masharti haya ya ukaguzi ni ajali ya safari namba 243 ya shirika la Aloha, Aprili 28, 1988: Boeing 737 iling'oka paa la mbele angani Hawaii. Gundi ya viungo ilikuwa imeachia, kutu ikaingia, nyufa za uchovu wa metali zikaungana kwenye mstari wa ribiti. Mhudumu mmoja alifariki.