Silki wangu: nani jogoo, nani tetea, na hii ni bluu kweli?

mfugaji_kihonda
Wakuu, habari za saa hizi. Nipo Morogoro. Nimenunua silki sita, wale kuku wa manyoya kama pamba, muuzaji kasema wana miezi mitatu, "pea tatu za bluu, damu ya maonyesho". Nikiwatazama naona watatu wana rangi ya moshi, mmoja mweusi tii, wawili weupe wenye madoa ya kijivu. Mmoja wa wale wa moshi ana upanga wa kichwani umesimama na meno yake, kama kuku wetu wa kienyeji. Hakuna aliyewika. Nataka kuwapeleka Nane Nane mwakani. Picha zimegoma kupanda, naomba mnisaidie hivyo hivyo.

Kuchi_Likoni
Akitaga si jogoo 😂 Sisi wa kuchi, kuku wa kupigana, hatuna shida hiyo, jogoo anajitangaza mapema.

BiMkubwa_Pongwe
Mwanangu wa Kihonda, pea ya silki wa miezi mitatu haipo. Ipo pea ya mdomoni mwa muuzaji.

Kuku wengine tunawajua kwa manyoya yaliyochongoka ya shingoni na kiunoni, na mkia uliopinda. Silki manyoya yake hayashikani, ni nyuzi nyuzi tu, kwa hiyo alama zile zinapotea humo. Subiri jioni wakitulia, mshike mmoja mmoja, umtazame kisogo. Kishungi cha tetea ni duara kama mpira wa pamba. Cha pora, yaani jogoo mchanga, kinalala kwenda nyuma, na utaona nyuzi ndefu zinachomoza kisogoni. Kisha upanga: wa pora unapanuka na kunenepa juu ya pua, wa tetea unabaki kidogo. Nyama za chini ya mdomo nazo zinasaidia, ila kama kuku wako ana ndevu za manyoya zitajificha, usizitegemee. Mimi hufungua mdomo wakishafika miezi mitano, na wapo walioninyamazisha mpaka siku ya yai. Na atakayekwambia yai lililochongoka hutoa jogoo, mpe chai aende.

Rangi sasa. Kama hao ni wa tumbo moja, basi baba na mama wote walikuwa bluu. Bluu kwa bluu, kwa wastani, nusu ya vifaranga hutoka bluu, robo weusi, robo weupe wenye madoa, hao wanaitwa splashi. Kwa hiyo hukuuziwa pea tatu za bluu, umeuziwa kizazi kizima cha bluu. Usimdharau mweusi wako: mweusi kwa splashi, vifaranga wote wanatoka bluu.

silki_ngong
Bi Mkubwa, na kama hao wa moshi ni lavenda? Huku wanauzwa kwa jina hilo kila siku.

BiMkubwa_Pongwe
Mtazame kichwa na shingo. Bluu ana kichwa na shingo vilivyokoza kuliko mwili. Lavenda ni rangi moja kuanzia juu hadi chini, imepauka sawasawa. Na lavenda kwa lavenda hutoa lavenda tupu, hakuna splashi humo.

mfugaji_kihonda
Shikamoo Bi Mkubwa, na asante. Na maonyesho je? Wote wana vidole vitano, nimehesabu. Ila naona ni wadogo.

BiMkubwa_Pongwe
Marahaba. Udogo usikutishe. Waingereza wanataka jogoo afike kilo 1.8, Wamarekani, walioandika silki katika vigezo vyao tangu 1874, wanamweka kwenye kuku wadogo, jogoo kama kilo moja tu. Jua kwanza damu yako imetoka upande gani.

Vidole vitano havitoshi. Cha tano kinyanyuke juu, kisigandane na cha nne. Fumua manyoya ya kifuani: ngozi iwe nyeusi yenye ubluu, ukikuta nyeupe au ya waridi, hapo pana damu ya kuku mwingine. Ndewe ziwe za bluu-kijani. Miguu iwe na manyoya mpaka kidole cha kati, lakini nyuma ya goti pasitoke manyoya magumu. Upanga uwe mviringo, umekunjamana, rangi ya zambarau iliyoiva. Yule wako wa meno jaji hampi kitu, hata kama wazazi wake ni silki watupu. Mtoe kwenye kundi la kuzalisha.

Nane Nane hawatakuuliza kidole cha tano, watu watapanga foleni kumshika tu. Wewe chagua kwa ajili ya kizazi kijacho.

mfugaji_kihonda
Kwa hiyo huyo wa meno nimchinje?

BiMkubwa_Pongwe
Akiwa tetea, thubutu! Silki anaatamia kama amelipwa. Mimi wa aina hiyo nawawekea mayai ya kanga. Akiwika, hapo mpigie simu huyo muuzaji mzungumze.

Kuchi_Likoni
Akiwika mlete Likoni, nazi ninazo.