Naomba ushauri: kondo la nyuma linanivujia maabara

Wakuu, habari za majukumu. Utafiti wangu wa uzamili ni kuhusu jinsi dawa zinavyovuka kondo la nyuma kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Kondo likitoka tu, nalikimbiza maabara. Natafuta kipande kisichochanika, naingiza mirija kwenye ateri na vena ya upande wa mtoto, kisha napitisha maji yenye chumvi na glukosi kwa nyuzi joto 37.

Shida ni kuvuja. Jana kipande kilipauka vizuri damu ilipoisha, nikafurahi kweli. Dakika 20 baadaye maji yanayorudi upande wa mtoto yakaanza kupungua. Nilipopima, yalipotea zaidi ya mililita 3 kwa saa, nikaacha kabla hata ya kuweka antipirini, dawa ya kulinganishia inayovuka kondo kwa urahisi. Ni la nne mfululizo, na inaniuma, maana kila kondo limetolewa na mama aliyeniamini.

Nipunguze kasi ya pampu, au kosa ni namna ninavyokibana kipande kwenye fremu? Na mliotumia makondo ya upasuaji, mliona tofauti na ya kujifungua kawaida?