Mtoto ana homa na amezira kula: tupeane uzoefu

Mama Pacha
Wazazi wenzangu, mtoto akipata homa hamu ya kula ndiyo hutangulia kuondoka. Dawa atameza, nguo utampunguzia, lakini kwenye sahani vita vinaanza. Hapa sitafuti majina ya dawa. Nataka mseme mnawanyweshaje, mnawalishaje, na mnajuaje kwamba kinachoingia kinatosha.

Naanza. Wangu wana miaka miwili, na wakiugua hawataki hata kukiona kikombe walichokizoea. Natumia bomba la kupimia dawa, lile lisilo na sindano. Nalipitisha pembeni, kwenye shavu, nabonyeza kidogo, nasubiri ameze. Mmoja anadhani ni mchezo, na mwenzake ambaye haumwi anakuja kupanga foleni.

Baba wa Zamu ya Usiku
Siku ya homa mimi chakula nakiweka kando kabisa, nahangaika na kinywaji tu. Mwili ukichemka unapoteza maji kwa jasho na kwa kuhema haraka, na mtoto mdogo hana akiba kubwa. Nyumbani kwetu kazi hii hufanywa na kijiko cha chai. Kinabeba mililita 5. Mpe kimoja kila dakika mbili, saa ikiisha ameshakunywa mililita 150 bila ugomvi. Mpe hizo hizo kwa mpigo tumbo likiwa limechafuka, zote zinarudi kwenye shati lako. Akitapika nangoja dakika 10 hivi, kisha naanza upya, polepole zaidi.

Bibi Mlezi
Nyie mnawaendekeza. Sisi mtoto tulimpakata, tukamshika mikono, uji ukaingia. Mgonjwa asiyekula atapata wapi nguvu?

Muuguzi wa Watoto
Shikamoo bibi. Hofu yako ina msingi, ila akishikwa huku analia, uji unaweza kupita njia ya hewa, na akipona atakikimbia kijiko. Mtoto aliyekuwa na afya njema akila kidogo siku mbili tatu, mwili unafidia baadaye. Maji hayangoji hivyo. Mpe vijiko viwili vitatu vya kitu laini anachokipenda, akigeuza uso muache, ujaribu tena baadaye. Nguvu unayoisema inarudishwa homa ikishuka: mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili. Wengi wanaisahau hatua hii kwa sababu mtoto ameshaanza kukimbia.

Bibi Mlezi
Marahaba mwanangu. Basi hizo wiki mbili niachieni mimi.

Mama Kichanga
Na sisi wa chini ya miezi sita? Wa kwangu ananyonya mara mbili tatu, anaachia, analia.

Muuguzi wa Watoto
Maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, muda mfupi mfupi. Anayeachia hivyo mara nyingi pua imeziba, hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja. Matone ya maji ya chumvi ya puani kabla ya kunyonya husaidia. Akishindwa, kamua umpe kwa kikombe kidogo. Ila kama hajafikisha miezi mitatu na kipimajoto kinasoma 38 au zaidi, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo.

Mzee wa Nepi
Mnauliza kinachotosha? Angalia mkojo. Mimi namfuata mtoto kwa nepi kuliko kwa kikombe. Ikiwa nzito na mkojo una rangi nyepesi, nalala. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, naongeza vijiko. Ikikaa kavu kwa muda wa saa nane, au analia bila machozi, mdomo umekauka, utosi umebonyea, hapo sijadili na mtu.

Mama wa Watatu
Kuna wa kuzira kwa sababu ya maumivu, si kwa kukosa hamu. Chungulia mdomoni: koo jekundu, vidonda kwenye ulimi. Wa hivyo nampa paracetamol kwa kipimo cha uzito wake, nangoja nusu saa mpaka saa, ndipo namletea kinywaji baridi au mtindi. Ukimpa juisi ya machungwa amekwisha kukuchukia. Halafu, wapenda asali: chini ya mwaka mmoja, marufuku.

Baba wa Zamu ya Usiku
Muuguzi, ORS, ile dawa ya unga ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, inafaa kwa homa tupu?

Muuguzi wa Watoto
Akiwa haharishi wala hatapiki, maji, maziwa na supu vinatosha. ORS ni ya kuhara na kutapika. Soma pakiti: iliyoandikwa lita 1 inaingia kwenye lita 1 kamili ya maji safi, si kikombe. Usiongeze sukari. Iliyobaki baada ya saa 24 mwaga.

Mama Pacha
Na ni wakati gani kijiko kinawekwa chini?

Muuguzi wa Watoto
Asipoweza kabisa kunywa au kunyonya, akitapika kila kinachoingia, akilegea na kuwa mgumu kuamka, au akipata degedege. Nyumbani hapana kazi tena. Mwenye degedege mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni, hata tone la maji, na mumpeleke.