Kikundi cha Darasa la Kufuma, Jang'ombe

Bi Salma: Assalaam alaykum wenzangu. Nimemaliza eda Alhamisi, baada ya ile miezi minne na siku kumi, na namshukuru Mwenyezi Mungu kwa subira aliyonijaalia. Leo asubuhi nimeufungua mkoba wangu wa kufumia nikaikuta ile kofia ya mjukuu niliyoiacha siku marehemu alipozidiwa, na sindano zimo bado. Vitanzi vitatu vimechopoka, na kimoja kimeteremka safu sita hivi, kimefanya ngazi. Nimekaa nayo mapajani mpaka adhana ya adhuhuri nisijue nianzie wapi. Nauliza kwa unyenyekevu: nafasi yangu darasani ipo, au ameshapewa mtu mwengine?

Mama Ilham: Wa alaykum salaam, na shikamoo Bi Salma. Pale kwenye mkeka karibu na dirisha hapajakaliwa na mtu tangu ulipoondoka. Hakuna aliyeamrisha hivyo. Kila mmoja wetu alipakwepa mwenyewe.

Mwalimu Zainab: Karibu sana Bi Salma, Jumatatu tunakungojea. Kuhusu hivyo vitanzi, usivute uzi, kwa sababu ukiuvuta ngazi itateremka zaidi. Vitie pini vile viwili vilivyo juu, kisha kile kilichoteremka tutakipandisha kwa kulabu, tukivuta kila uzi uliolala kama kidaraja kupitia ndani ya kitanzi, safu moja baada ya nyengine, mpaka kifike kwenye sindano. Kazi hiyo haizidi dakika kumi.

Bi Salma: Ahsante, Mwalimu. Lakini kuna jambo jengine linalonishughulisha. Mtoto alizaliwa nikiwa ndani ya eda na sasa ametimiza miezi mitatu. Nimeijaribu kofia kichwani mwake ikamkalia utosini tu.

Mwalimu Zainab: Ulianza na vitanzi 64, ambavyo kwa uzi wako, wenye vitanzi 20 katika kila sentimita 10, vinatoa sentimita 32. Hicho ni kipimo cha mtoto mchanga, ambaye kichwa chake huzunguka sentimita 34 au 35, kwani kofia hufumwa ndogo kidogo ili ishike. Mtoto wa miezi mitatu huwa amefika sentimita 40 hivi. Kwa huyo anza na vitanzi 76, upate sentimita 38. Idadi hiyo inagawika kwa nne, kwa hivyo lile pindo la viwili mbele na viwili nyuma litazunguka bila ya kuharibika.

Bibi Kombo: Mwanangu Salma, usiifumue ile ndogo. Mimi nimeshona kofia za viua tangu usichana wangu, kofia moja inachukua miezi, na nyengine nimezishona nikiwa na misiba mizito. Kazi ya mkono iliyoshikwa siku kama zile haifumuliwi. Imalize, watoto wachanga hawakosekani mtaani.

Mama Nassor: Binti yangu anatarajia kujifungua mwezi ujao, inshaallah. Kofia hiyo naiomba mimi, kama Bi Salma ataridhia. Na naomba radhi mbele ya wote. Nilikuja siku ya maziko, lakini baada ya hapo sikurudi tena, kwa kuwa kila nikifika kwenye kona ya nyumba yako sikuwa najua nitakwambia nini. Mara mbili niligeuza njia na mfuko wa ndizi mkononi.

Bi Salma: Mara moja nilikuona kupitia dirishani, Mama Nassor. Sikukasirika, ila nilitamani uingie, hata kama tungekaa kimya mpaka magharibi. Kofia ni yako, na radhi nimekupa zamani.

Mama Ilham: Bi Salma, niruhusu niseme moja. Nilipovuka kutoka Pemba na mwanangu mmoja, nimeachika, sina ninayemjua mjini hapa, wewe ndiye uliyenisogezea mkeka siku ya kwanza. Ulinianzishia vitanzi 20 kwenye sindano zako mwenyewe, nikaviharibu, ukavianzisha tena, nikaviharibu tena, mpaka uzi ukaota manyoya, na hukuniuliza hata mara moja nimetoka wapi wala kwa nini. Nililala usingizi usiku ule, jambo ambalo sikuwa nimelipata kwa wiki nyingi. Jumatatu nitakupitia baada ya sala ya alasiri, twende pamoja kwa miguu, na hivyo vitanzi 76 nitakuanzishia mimi.

Bi Salma: Nitakungojea barazani, mwanangu. Njoo na kulabu yako ndogo, kwani yangu sijaiona mkobani.