Tupeane uzoefu: mbwa wako amewahi kuugua sikio?

Msubira wa Muyeye: Usiku kucha sikulala. Mbwa wangu Simba anakung'uta kichwa, pwata pwata, hadi adhana ya alfajiri. Nikimgusa sikio la kushoto analia. Ninyi mlijuaje kuwa ni sikio, na mlitibu kwa dawa gani?

Mwana wa Mayungu: Mnuse. Sikio zima halina harufu. La wangu lilinuka kama dagaa walionyeshewa, ndani kuna uchafu mweusi kama mashapo ya kahawa. Kumbe utitiri. Ikabidi na paka wawili wa nyumbani watibiwe, maana huambukizana.

Mama Nuru: Mafuta ya nazi vuguvugu, matone mawili. Ndivyo wazee wetu walivyofanya.

Kaka wa Barani: Mama Nuru, kwa heshima zote, hapana. Kiwambo cha sikio kikiwa kimetoboka, unachotia kinapita hadi ndani. Hata dawa nyingine za dukani zinaweza kumfanya kiziwi.

Mama Nuru: Mbona wangu alipona?

Kaka wa Barani: Alipona, au alinyamaza tu?

Askari wa Silversands: Wacheni niseme, maana mmenikumbusha. Mbwa wangu alikuwa anaogelea kila jioni. Akaanza kujikuna, nikasafisha kwa kijiti cha pamba, nikamtia dawa iliyobaki ya mwaka uliopita. Wiki moja baadaye naamka, sikio limefura kama hamri. La moto, zito, akitikisa kichwa linampiga usoni. Nikaipitisha sindano motoni nimtoboe. Mke wangu akanipokonya mkononi. Tukamfunga kikoi, tukampakata kwenye pikipiki hadi kwa daktari wa mifugo.

Ilikuwa damu. Kule kukung'uta kunapasua vishipa ndani ya sikio lenyewe. Ningetoboa, ningeingiza vijidudu na damu ingejaa tena. Daktari alimlaza kwa dawa, akapasua, akashona. Kisha akanieleza: tundu la sikio la mbwa linashuka, halafu linakata kona. Maji yakifika pale hayatoki, na kijiti changu ndicho kilichosukuma uchafu hadi konani. Uvimbe ulikuwa matokeo tu, ugonjwa ulikuwa huko ndani. Amepona, lakini sikio limejikunja kama jani lililokauka. Kila nikimpapasa najuta.

Dada wa Maweni: Sindano ya motoni! Ewe Mola. Na kwenye pikipiki alitulia?

Askari wa Silversands: Alilaza kichwa begani kwa mke wangu njia nzima.

Abu Salma: Na mate yake najisi, mnampakata hivyo?

Mwana wa Mayungu: Kikoi kinafuliwa, ami. Aliyemnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa madhambi yake.

Abu Salma: Hilo kweli. Mungu awaponye.

Dada wa Maweni: Wangu inzi walimla ncha za masikio hadi vidonda. Chunguzeni na kupe.

Kaka wa Barani: Akitoka baharini mfute kwa kitambaa kikavu, mwanzo wa tundu tu. Na dawa ya daktari imalizeni, hata akionekana mzima. Akianza kupinda kichwa upande au kuyumba, msingoje kesho.

Mama Nuru: Mimi mafuta yangu nayaamini. Lakini Msubira, huyo mpeleke.

Msubira wa Muyeye: Nimemnusa. Linanuka, na nimemulika tochi nikaona usaha. Sijatia chochote. Kliniki inafunguliwa saa mbili, tuko mlangoni.