Binti yangu anakanyagia vidole, daktari ataka kumpasua. Akiwa mtu mzima itakuwaje?

Mama wa Langoni (Lamu):
Assalaam alaikum. Binti yangu ana miaka 9, ana mtindio wa ubongo uliompata miguu yote miwili. Anakanyagia vidole na magoti yanagongana. Mjini kwetu gari haziingii, ni vichochoro na ngazi, asiyetembea hubebwa na punda. Daktari wa Mombasa asema arefushwe kano za visigino. Waliopasuliwa utotoni, sasa mko vipi?

Mkaazi wa Shela, Malindi:
Waalaikum salaam, mamangu. Mimi nilipasuliwa visigino nikiwa mdogo kuliko huyo, na sasa nina mvi. Mwanzo nyayo zilikanyaga chini vizuri, nyumbani ikawa furaha. Nilipobalehe mifupa ikarefuka, misuli ya nyuma ya mapaja ikabaki imekaza, magoti yakaanza kujikunja. Hadi leo natembea nusu nimechuchumaa. Kisigino kikilegezwa mno peke yake, goti hukosa cha kulishikilia, na hilo wazee wangu hawakuambiwa.

Siku hizi wapasuaji wengi huangalia nyonga, goti na kisigino pamoja, wakavirekebisha kwa operesheni moja, badala ya kumrudisha mtoto kisuni kila baada ya muda. Muulize daktari wako kama ameangalia vyote. Akikujibu juu juu, usitie sahihi.

Na ujue ubongo hauguswi, mkazo utabaki. Mimi sokoni naenda kwa miguu, narudi kwa tuktuk, kwa maumivu ya magoti na uchovu. Lakini naenda! Kazi ninayo, watoto ninao.

Fizio wa Malindi:
Mimi ni fizio, mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo. Nakubaliana naye. Naongeza tu: plasta ngumu anayofungwa mguuni baada ya kupasuliwa ikitolewa, misuli huwa dhaifu kuliko kabla ya kupasuliwa. Miezi ya kwanza mtoto atatembea vibaya zaidi, na nguvu huchukua mwaka au zaidi kurudi. Hapo ndipo wazazi wengi huacha mazoezi, nami huumia sana nikiona. Panga mapema nani atamfanyisha kila siku, na splinti, kile kifaa cha kuushikilia mguu, nani atamvisha.

Mama wa Langoni:
Nyonga hazijapigwa eksirei hata mara moja. Nitaidai kwanza. Na ufuoni anaweza kufanyia mazoezi?

Fizio wa Malindi:
Kidonda kikishapona, ndiyo. Anzeni maji yakipwa, pale mchanga ulipo mgumu. Mkavu unazamisha mguu, uacheni mpaka apate nguvu.